Maswali na majibu: Kuoga kwenye jakuzi (beseni kubwa la maji moto yenye mapovu) bila kudhurika

Maji yawe na joto kiasi gani, na nikae muda gani?
Yasizidi nyuzijoto 40 za Selsiasi. Kwa joto hilo dakika 10 hadi 15 zinatosha; ukitaka kukaa zaidi, lishushwe hadi 37 au 38. Tumia kipimajoto, kwa sababu mkono huzoea joto haraka na kukudanganya.

Mbona bwawa la kuogelea halina masharti mengi hivi?
Bwawa lina maji mengi, tena baridi. Jakuzi la lita 1,500 likiingiwa na watu wanne, jasho na mafuta ya ngozi huelemea dawa ya kuua vijidudu (klorini au bromini) mara moja, na joto pamoja na mapovu huipoteza klorini upesi. Maji yaliyopimwa asubuhi yanaweza kuwa hayana dawa jioni.

Nitajuaje kama maji ya hotelini ni salama?
Uliza yamepimwa saa ngapi, au nenda na karatasi zako za kupimia: chovya, subiri sekunde zilizoandikwa kwenye kopo, linganisha rangi. Klorini huru, yaani ambayo bado haijatumika, isipungue miligramu 3 kwa lita (bromini, 4), na pH (kipimo cha uasidi wa maji) iwe kati ya 7.0 na 7.8. pH ikizidi hapo, klorini ipo ila nguvu yake ya kuua vijidudu imepungua sana. Ukipapasa ukuta ukakuta utelezi, usiingie, kwani ndimo bakteria wanamojificha dawa isiwafikie. Na harufu kali inayochoma macho si ushahidi wa usafi: ni klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo. Kwa hiyo koga kwa sabuni kabla ya kuingia, hata kama wenzako hawafanyi hivyo.

Nimetokwa na vipele siku mbili baadaye. Ni nini?
Mara nyingi ni bakteria wa Pseudomonas walioingia kwenye vinyweleo. Vipele huwasha, vingine hutunga usaha, na huzidi palipobanwa na nguo ya kuogelea. Kwa kawaida hupona vyenyewe ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Ukipata homa, nenda kituo cha afya. Ukitoka majini vua nguo hiyo, koga tena, na usinyoe miguu siku unayokwenda kuoga.

Je, mvuke wake unaweza kuleta nimonia?
Ndiyo. Mapovu hurusha matone madogo, na bakteria wa Legionella wakiwemo huingia mapafuni kwa pumzi. Mwaka 1999 huko Bovenkarspel, Uholanzi, jakuzi lililowekwa kwenye maonyesho ya maua liliambukiza wageni waliopita karibu tu. Watu wasiopungua 32 walifariki. Homa, kikohozi na maumivu ya misuli huanza siku 2 hadi 14 baadaye. Huku kwetu homa ya namna hiyo hudhaniwa malaria kwanza. Mwambie daktari kuwa ulikuwa kwenye jakuzi, maana amoksilini, antibiotiki ya kawaida, haiwaui bakteria hawa.

Nani asiingie?
Mtoto chini ya miaka 5. Mwenye kidonda kibichi au anayehara. Mjamzito, hasa miezi mitatu ya mwanzo, kwa kuwa joto kali linaweza kudhuru ubongo na uti wa mgongo wa mtoto. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au kisukari amwone daktari kwanza. Aliyekufa ganzi miguu hatahisi anapoungua.

Kwa nini naona kizunguzungu nikitoka?
Joto hutanua mishipa, presha hushuka. Kaa ukingoni dakika moja au mbili kabla ya kusimama, kisha kunywa maji. Pombe huongeza tatizo hilo na huleta usingizi; watu wamezama hivyo.

Nywele ndefu zina hatari gani?
Zifunge juu. Tundu linalofyonza maji likikosa kifuniko huvuta nywele na kumshikilia mtu chini. Kifuniko kikivunjika, jakuzi lifungwe, na kila mtu ajue swichi ya kuzima pampu iko wapi.

Nina langu nyumbani. Nibadilishe maji lini?
Gawanya lita kwa 12, kisha kwa idadi ya waogaji kwa siku. Lita 1,500 kwa watu watano ni siku 25. Dawa itie kwenye maji, usimimine maji juu ya dawa. Na klorini usiikutanishe kamwe na asidi ya kushushia pH, hata kwenye kijiko kimoja, kwani hutoa gesi ya sumu.