Je, weusi kwenye kisu cha babu ni kutu?

Nilipoachiwa kisu cha kukunja cha babu, nilianza kwa kutafuta msasa. Bapa lake lilikuwa limepiga kijivu kizito, na kuelekea mgongoni kulikuwa na weusi wenye ubuluu. Niliamini ni kutu, nikasugua hadi likang'aa. Siku chache baadaye likaota madoa ya rangi ya chungwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kutu yenyewe, na mlango niliifungulia mimi.

Visu vingi vya zamani vilitengenezwa kwa chuma chenye kaboni kidogo, aghalabu isiyozidi asilimia moja, bila kromiamu (metali inayozuia kutu) ya kutosha kukikinga. Chuma kisichoshika kutu kilikuja baadaye: mwaka 1913 mtaalamu wa metali Harry Brearley alikitengeneza cha kwake huko Sheffield, Uingereza.

Kutu na ule weusi vyote huzaliwa chuma kinapokutana na oksijeni, ndiyo maana ni rahisi kuvichanganya. Tofauti iko katika namna vinavyokaa. Fikiria plasta ya ukuta. Iliyoshika vizuri huziba, na mvua haifikii matofali. Iliyovimba hupasuka na kubanduka, maji yakapita nyuma yake, tofali likaanza kuliwa. Kutu ni hiyo iliyovimba: huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo haiwezi kutulia. Humeguka, chuma kipya kikabaki wazi, nacho kikaliwa. Weusi ni utando mwembamba ulioshikamana na chuma.

Kinachonifurahisha zaidi ni chanzo cha ule ubuluu. Ukikata tufaha au ukichonga kijiti kibichi, tanini (kemikali ya mimea yenye ukakasi) iliyomo hushikana na chuma na kutoa rangi ya buluu iliyokoza. Kwa karne nyingi watu walitengeneza wino wa kuandikia kwa muungano huohuo wa tanini na chuma. Kila kazi aliyofanya babu iliacha wino wake pale.

Utando huo hupunguza kasi ya kutu tu, hauizuii kabisa. Kisu kikilazwa na maji, hasa ya chumvi, kitaliwa. Makali nayo hayana kinga hiyo, kwa sababu kila ukinoa unaiondoa. Ndiyo maana hubaki meupe hata kwenye kisu cheusi tii.

Kama una shaka, tia tone la mafuta kwenye kitambaa cheupe ufute. Kikitoka na rangi ya chungwa, na kidole kikihisi ukwaruzo, hiyo ni kutu. Iondoe taratibu hapohapo ilipo. Bapa likiwa laini na kitambaa kisipochukua rangi hiyo, liache. Msasa hula chuma, na unaweza kufuta hata muhuri wa mtengenezaji.

Kisu cha babu nakifuta na kukipaka mafuta kila nikikitumia, na kijivu kimeanza kurudi. Ndani ya kile kijishimo cha kutilia ukucha ili kukifungua, msasa haukufika. Weusi uliomo humo bado ni wa kwake.