Andy Kaufman hakuigiza kifo chake

Kuna stori inazunguka miaka mingi kwamba mchekeshaji wa Marekani Andy Kaufman, yule aliyecheza Latka kwenye tamthilia ya vichekesho ya TV ya Taxi, alijifanya amekufa na mpaka leo amejificha mahali. Hapana jamani, alifariki kweli, 16 Mei 1984 Los Angeles, kansa ya mapafu, na alikuwa na miaka 35 tu. Miezi michache kabla alisafiri mpaka Ufilipino kwa wale waganga wanaodai wanapasua bila kisu, alikuwa anatafuta kupona, inauma sana hii.

Uvumi unaeleweka ulikotoka. Jamaa hakuwahi kufichua mizaha yake, ule ugomvi na mwanamieleka Jerry Lawler mwaka 1982 watu waliuamini miaka kibao kumbe walipanga wenyewe wawili, halafu 1985 yule mwimbaji wake wa kubuni Tony Clifton akatokea tena jukwaani, mashabiki wakachanganyikiwa kabisa, ila ndani ya lile wigi alikuwa rafiki yake Bob Zmuda ambaye alishamcheza Clifton hata Andy akiwa hai. Cheti cha kifo kipo, na kaburi lipo New York, kwenye makaburi ya Beth David.