Nodi inajua nini? Kuhusu kusoma algoridhimu za mitandao chuoni

Wanafunzi wengi huanza somo la algoridhimu zilizosambazwa, yaani zile zinazoendeshwa na kompyuta nyingi kwa pamoja kwa kutumiana jumbe, wakiwa hodari tayari. Wanajua kupanga orodha, wanajua kutafuta njia fupi kwenye grafu, wanajua kukadiria muda programu itakaotumia. Yote hayo wameyajifunza wakiwa na kompyuta moja, kumbukumbu moja, na jicho moja linaloona data yote kwa pamoja. Mimi hufundisha somo hili, na kazi yangu ya kwanza kila muhula ni kuwaondolea jicho hilo.

Tatizo linaanzia ubaoni. Tunachora nodi, yaani kompyuta za mtandao, tunaziunganisha kwa mistari, na kila aliyemo darasani anaiona picha nzima. Lakini nodi iliyomo ndani ya picha haioni picha. Inachojua ni hali yake yenyewe na jumbe zilizokwisha kuifikia, basi. Haijui kama ujumbe iliotuma umefika. Haijui kama jirani aliyenyamaza amekufa au amechelewa tu. Mara nyingi haijui hata wenzake wako wangapi. Ndiyo maana kwa kila mstari wa algoridhimu nawauliza wanafunzi swali moja: nodi hii imelijuaje hilo?

Mfano ninaoupenda kuanza nao ni kumchagua kiongozi mmoja kati ya nodi zilizounganishwa kwa duara, kwa njia ambayo Ernest Chang na Rosemary Roberts waliichapisha mwaka 1979. Kila nodi ina namba yake ya pekee, na jumbe huenda upande mmoja tu. Kila nodi hutuma namba yake kwa jirani wa mbele. Ukipokea namba kubwa kuliko yako, ipitishe. Ukipokea ndogo, itupe. Ukipokea namba yako mwenyewe, wewe ndiye kiongozi.

Kwa nini inafanya kazi? Mwanafunzi aliyezoea kuangalia kutoka juu atasema, "Kwa sababu namba kubwa kuliko zote inashinda." Ni kweli, lakini hajajibu swali. Jibu ni kwamba namba ikirudi kwa mwenyewe, huo ni ushahidi: imepita kwa kila nodi kwenye duara, na hakuna hata moja iliyokuwa na sababu ya kuitupa. Nodi imejua habari ya duara zima bila kuliona, kwa kuwa safari ya ujumbe wenyewe ndiyo iliyobeba habari hiyo.

Gharama yake nayo inafundisha. Namba zikipangika zikiongezeka kuelekea upande ambao jumbe zinaenda, karibu kila ujumbe unatupwa hatua ya kwanza. Kwa nodi 100 utahesabu jumbe 199. Zigeuze zipungue kuelekea upande huohuo, na hesabu inapanda hadi 5,050. Algoridhimu ni ileile, nodi ni zilezile, kilichobadilika ni nani amekaa jirani na nani. Mpangilio ukiwa wa bahati nasibu, wastani ni kama jumbe 519. Nawasihi wanafunzi wazihesabu hizi kwa mkono kwenye duara la nodi tano au sita kabla ya kugusa fomula yoyote.

Kisha ziondoe namba. Nodi zote zikiwa sawa kabisa, zinaendesha programu ileile, zikaanza katika hali ileile na kwenda hatua kwa hatua pamoja, basi kila hatua zitabaki sawa. Ikifika saa ya moja kusema "mimi ndiye kiongozi," zote zitasema. Dana Angluin alionyesha mwaka 1980 kwamba hapo hakuna ujanja wa kuprogramu utakaosaidia, labda ulete bahati nasibu. Kwa wengi hii ndiyo mara ya kwanza kukutana na uthibitisho kwamba jambo haliwezekani, na nimeona nyuso zikibadilika darasani. Matokeo mazito zaidi ya aina hiyo ni ya watafiti Fischer, Lynch na Paterson ya mwaka 1985: kama jumbe zinaweza kuchelewa bila kikomo, na nodi hata moja tu inaweza kufa, hakuna algoridhimu isiyotumia bahati nasibu inayoweza kuhakikisha kwamba waliobaki watafikia uamuzi mmoja. Kiini chake ni kilekile, kwamba aliyekufa na aliyechelewa wanafanana.

Mtu anaweza kudhani haya ni ya kwenye karatasi tu. Historia ya ARPANET, mtandao wa Marekani uliotangulia intaneti, inakataa. Mtandao huo ulipoanza mwaka 1969, kila nodi iliwatangazia majirani umbali inaoudhani hadi kila mahali. Chukua nodi tatu zilizopangwa mstari: A, B, C. B iko hatua moja kutoka C, A iko hatua mbili. Sasa kiungo cha B na C kinakatika. B inamsikia A akisema, "Mimi nafika C kwa hatua mbili," inaamini, inaandika tatu. A inasikia tatu, inaandika nne. B tano. Zinaendelea kupandishana hivyo kwa sababu B haijui kwamba njia ya A ilikuwa inapita kwa B mwenyewe. RIP, itifaki (yaani kanuni za mawasiliano) ya kutafuta njia mtandaoni iliyorithi mbinu hii, ilikata shauri tu kwamba 16 maana yake ni "hakufikiki."

Mwaka 1979 ARPANET ikahamia mbinu nyingine: kila nodi isambaze taarifa za viungo vyake kwa mtandao mzima, na kila mmoja akokotoe njia mwenyewe. Kuzijua taarifa mpya na za zamani, kila taarifa ilipewa namba ya mfuatano ya biti 6 (tarakimu sita za 0 au 1), yaani 0 hadi 63, kisha inarudi 0. Kwa kuwa namba zinazunguka, iliyo mpya ni ile iliyo mbele ya mwenzake kwa hatua zisizozidi nusu ya mzunguko.

Tarehe 27 Oktoba 1980 mtandao mzima ukasimama kwa saa kadhaa. Nodi moja yenye kasoro ya kumbukumbu ilikuwa imedondosha biti, yaani 1 ikageuka 0, na zikatokea taarifa tatu za chanzo kimoja (nodi moja iliyozitoa) zenye namba 44, 40 na 8. Ziandike kwa biti utaona: 101100, 101000, 001000. Kila moja ni iliyotangulia ikiwa imepoteza biti moja. Sasa zilinganishe kwa kanuni ile. 40 ni mpya kuliko 8. 44 ni mpya kuliko 40. Na 8, ukizunguka kupita 63, iko hatua 28 mbele ya 44, kwa hiyo ni mpya kuliko 44. Kila nodi ikapokea, ikaona ni mpya, ikahifadhi na kuisambaza, halafu ikaja inayofuata, bila mwisho. Kazi hiyo ilikuwa na kipaumbele, ikala prosesa na bafa zote, yaani nafasi za kuwekea jumbe kwa muda. Kuizima nodi moja na kuiwasha upya hakukusaidia, maana majirani waliilisha tena taarifa zilezile. Ilibidi nodi zirekebishwe zikatae kabisa taarifa za chanzo kile.

Wanafunzi hukimbilia kulaumu kumbukumbu mbovu. Mimi nawarudisha kwenye swali letu. Kila nodi ilifuata kanuni sawasawa, na kwa kile ilichokuwa inakijua haikukosea hata mara moja. Kasoro ya kifaa ilipita kitambo kidogo, lakini algoridhimu haikuwa na njia ya kutoka kwenye hali ambayo waliobuni hawakuifikiria. Na dawa ilikuwa imeshaandikwa: mwaka 1974 Edsger Dijkstra alichapisha makala fupi kuhusu mifumo inayojirekebisha, ambayo hata ukiianzisha katika hali yoyote ile, hata ya ovyo, inarudi yenyewe kwenye mwendo sahihi baada ya hatua zenye kikomo.

Ukifungua leo maelezo ya OSPF, itifaki inayotumika kwenye ruta nyingi (vifaa vinavyoelekeza jumbe mtandaoni), soma kwanza sehemu ya taarifa za viungo. Namba ya mfuatano sasa ina biti 32 na haizunguki. Ikifika mwisho, taarifa ya zamani hufutwa kwanza mtandaoni ndipo hesabu ianze upya. Kila taarifa ina umri, na ikifikisha sekunde 3,600 bila kuhuishwa na nodi iliyoitoa, inaondolewa. Nikifika hapo huwapa darasa zoezi: itoe kanuni ya umri, rudisha biti 6, kisha tafuta namba nyingine tatu zitakazozunguka kama 44, 40 na 8. Ziko nyingi.