Picha za zamani zina wenyewe

Ukikaa na wapiga picha wa Arusha, wale wa harusi, wa safari na wa droni, utasikia kazi yetu ikimalizwa kwa sentensi moja: "Huyo anachukua video za watu, anaziunga, analipwa." Kidogo ni utani, zaidi ni kutojua. Anayetengeneza dokumentari kwa picha za kumbukumbu, yaani mikanda ya zamani iliyopigwa na wengine, ana watu watatu wa kushughulika nao kabla hajaweka sekunde moja kwenye meza ya uhariri: aliyeshika kamera, anayemiliki mkanda, na anayeonekana ndani yake. Karibu kila dhana potofu ninayoisikia inamsahau mmojawapo.

"Iko YouTube, ni ya wote"

Hii ndiyo inayoua miradi mingi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Aliyepandisha video mtandaoni mara nyingi si mwenye haki nayo. Kairekodi kutoka televisheni au kanakili kwa mwenzake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za picha na sauti kwa miaka 50 tangu zilipotengenezwa au zilipotolewa kwa umma. Na tangu 1994 Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, kwa hiyo habari iliyopigwa na kampuni ya London inalindwa hata ukiionyesha mtaani Ngarenaro, hapa Arusha.

Wapo wanaosema chini ya sekunde kumi hakuna wa kukudai. Wengine wanasema saba. Sheria haina namba hiyo. Inaruhusu kunukuu kwa kiasi ambacho hoja yako inahitaji, na ukiegemea hapo ujue siku moja utaulizwa hoja yenyewe ilikuwa ipi. Kuandika "kwa hisani ya" kwenye majina ya mwisho nako si ruhusa, ni adabu tu. Hata picha za serikali kuu ya Marekani, ambazo kwa sheria ya huko hazina hakimiliki na ndiyo maana watengenezaji wa dokumentari wanazikimbilia, zinaweza kuwa na muziki au kipande cha kampuni binafsi ndani yake.

Njia halali huwa hivi. Unaandikia maktaba inayohifadhi picha, inakutumia nakala dhaifu yenye nembo katikati na namba za muda zinazokimbia chini. Unahariri nayo hiyo hiyo. Filamu ikishatulia unaorodhesha kila kipande: kinaanzia wapi, kinaishia wapi, kina sekunde ngapi. Hapo ndipo bei inapopangwa, na bei inategemea filamu itaonyeshwa nchi zipi, kwa muda gani, na kwa njia gani: matamasha pekee, televisheni, au mtandaoni pia. Maktaba nyingi zina kiwango cha chini, kwa hiyo unaweza kutumia sekunde nne ukalipia nusu dakika. Nakala safi inakuja baada ya malipo.

Mtego uko kwenye leseni ya matamasha. Ni nafuu, kila anayeanza anaichukua. Filamu ikipata televisheni ya kuinunua unarudi kwa mwenye picha, naye sasa anajua huwezi kumtoa kwenye filamu. Bei ya leseni kamili iulizwe mwanzoni, na jibu liwe la maandishi.

"Hapigi picha, kazi yake ni nyepesi"

Mwaka 1927 mhariri wa Moscow, Esfir Shub, alitengeneza filamu nzima kuhusu kuanguka kwa utawala wa mfalme wa Urusi bila kupiga picha za matukio hayo mwenyewe. Alipekua takribani mita 60,000 za mikanda ya zamani, mingine ikiwa kwenye ghala lenye unyevunyevu, akabaki na filamu isiyofika mita 2,000. Zilikuwamo picha ambazo familia ya mfalme ilipigiwa kwa ajili ya kujifurahisha. Shub alizipanga kando ya picha za watu wakifanya kazi ngumu, na maana ikageuka. Asiyeona kazi hapo simlaumu, kwa sababu kazi nzuri ya uhariri haionekani.

Upande wa ajira, usidhani kuna kiti kimoja tu cha muongozaji. Yuko mtafiti wa picha, yuko prodyuza anayeshughulikia leseni, yuko mhariri, fundi wa rangi, fundi wa sauti. Kijana wa Arusha au Moshi anaweza kuingilia kwenye utafiti, na ana kitu ambacho mtafiti wa Ulaya hana. Maelezo ya mikanda mingi kwenye maktaba za nje ni mstari mmoja mkavu, kitu kama "wanawake sokoni, Afrika Mashariki". Anayetazama akatambua kwamba hilo ni soko la Mwika, au akasikia kwamba wimbo unaoimbwa ni wa Kimeru, ameupa ule mkanda thamani mpya.

"Picha haidanganyi"

Inadanganya vizuri tu, na wakati mwingine bila nia mbaya. Mwaka 1916 Waingereza walijaza kumbi za sinema kutazama filamu ya vita vya Somme, mapigano ya Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza. Sehemu kubwa ilipigwa vitani kweli, lakini baadhi ya picha maarufu za askari wakitoka kwenye handaki kushambulia ziliigizwa nyuma ya mstari wa mapigano. Picha hizo zimetumiwa tena na tena kama ushahidi.

Sauti ndiyo inayotuponza zaidi. Picha nyingi za habari za mkanda wenye upana wa milimita 16 zilipigwa bila sauti. Makofi, vigelegele na ngoma viliongezwa studio, pengine nchi nyingine kabisa. Ukisikia umati unashangilia nyuma ya msafara wa mwaka 1960, uliza kwanza kama kulikuwa na maikrofoni. Mimi napendelea kuiacha picha kimya kuliko kuivika umati ambao haukuwepo, ingawa wenzangu wengi huniona mkali kupita kiasi.

Kwa sisi wa kaskazini kuna kipimo ambacho hakihitaji mashine. Ukiwa Moshi ukiutazama Mlima Kilimanjaro, Kibo iko kushoto na Mawenzi kulia. Ukizitazama kutoka Kenya, upande wa Amboseli, zinabadilishana. Kwa hiyo mkanda ulioandikwa "Moshi" wenye Mawenzi upande wa kushoto una moja kati ya kasoro mbili: ama haukupigwa Moshi, ama umegeuzwa ubavu wakati wa kunakiliwa. Mzee yeyote wa Marangu atakwambia hilo kabla chai haijapoa.

Mwanga nao ni shahidi. Bendera na mwenge vilipandishwa kileleni na Luteni Alexander Nyirenda usiku wa kuamkia Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961. Filamu za enzi hizo zilihitaji mwanga mwingi. Ukiletewa picha angavu ya jua kali ikiwa na maelezo kwamba ndiyo saa yenyewe ya tukio, usiitupe, lakini usiandike tarehe hiyo mpaka ujue ilipigwa siku gani na saa ngapi.

Na tusihukumu umri kwa rangi. Mkanda wa rangi wa Kodachrome wa milimita 16 ulianza kuuzwa mwaka 1935, kwa hiyo mtalii au mmisionari mwenye uwezo angeweza kupiga picha za rangi hata kabla ya Vita Kuu ya Pili, wakati vituo vya habari viliendelea na nyeusi na nyeupe miaka mingi baadaye.

"Akili mnemba itasafisha"

Kuondoa mikwaruzo na kutuliza picha inayotikisika, sawa. Kuongeza ukali wa sura iliyofifia ni jambo jingine: mashine haioni uso uliokuwepo, inabuni uso unaoelekea kufanana. Ikipaka rangi kanga ya bibi wa mwaka 1950 imebahatisha, na wajukuu wanaoijua kanga ile watacheka. Wataalamu wa picha za kumbukumbu nchini Marekani, kupitia umoja wao wa Archival Producers Alliance, walitoa mwongozo mwaka 2024 unaotaka mtazamaji aambiwe waziwazi pale picha ilipotengenezwa na mashine. Sina la kuongeza.

"Kumbukumbu za umma, umma uzionyeshe utakavyo"

Watu wa Arusha wanapita kila siku mbele ya jengo la AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, ambamo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilifanya kazi mpaka ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015. Hapo tarehe 2 Septemba 1998 ndipo Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda, alipotiwa hatiani, hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Kesi zilirekodiwa kwa picha na sauti, maelfu ya saa, na kumbukumbu hizo sasa ziko Lakilaki, nje kidogo ya mji, chini ya chombo cha Umoja wa Mataifa kilichorithi kazi za mahakama ile.

Ni hazina iliyo karibu nasi kuliko tunavyodhani, lakini haiko wazi yote. Mashahidi wengi walizungumza nyuma ya pazia, kwa majina ya siri, kwa kuahidiwa ulinzi. Vipande vya vikao vya faragha havitolewi bila amri ya mahakama, na nakala za umma zimekatwa sehemu. Mtengenezaji anayelalamika kwamba "wanaficha" amesahau kwamba yule shahidi huenda bado ana majirani.

"Huku kwetu hakuna kilichopigwa, lazima uende Ulaya"

Nusu ya hili ni kweli. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994, Zanzibar ikiwa imetangulia kwa takribani miaka ishirini. Kwa hiyo Azimio la Arusha lilipotangazwa tarehe 5 Februari 1967 hapakuwa na kamera ya televisheni ya Bara. Anayesimulia wakati huo anategemea filamu za serikali, kanda za redio, magazeti na picha za mnato, na Makumbusho ya Azimio, yaliyofunguliwa 1977, ni mahali pazuri pa kuanzia kabla ya kukata tiketi ya ndege.

Ni kweli pia kwamba mikanda mingi ya kikoloni iko Uingereza, na tangu 2010 kuna orodha yake mtandaoni yenye filamu zaidi ya 6,000. Lakini angalia walichokuwa wakikitafuta waliopiga. Kule Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937 zilitengenezwa filamu 35 za kumfundisha Mwafrika kilimo, usafi na kuweka akiba. Filamu ya Serengeti ya Bernhard Grzimek, Mjerumani mtaalamu wa wanyama, na mwanawe Michael ilitoka mwaka 1959, ikapata tuzo ya Oscar, na ndani yake wanyama wana nafasi ambayo Wamaasai hawakupewa. Ukitegemea hizo peke yake utapata kaskazini yenye nyumbu wengi na watu wachache wanaofundishwa.

Ambazo hazijatafutwa vya kutosha ni za majumbani: VHS za kipaimara, za harusi, za mazishi, za ng'ombe wa kwanza wa maziwa, na pengine mikanda ya milimita 8 iliyoachwa na mapadri au walowezi. Muda wake ni Desemba, Wachaga wanapopanda nyumbani Kibosho, Machame, Marangu na Rombo, na mwenye funguo za kabati yupo. Kanda yenye ukungu usiitumbukize kwenye deki, utaharibu kanda na deki kwa pamoja. Mkanda wa filamu unaotoa harufu ya siki umeshaanza kuoza, utenge na mingine na uwahi kuuskani.

Wakati mzee anakuonyesha, washa kinasa sauti na mwache ataje majina ya wanaoonekana, kwa sababu hayo hayako kwenye maktaba yoyote. Kisha mwandikiane karatasi moja ya Kiswahili chepesi: kanda ni ya nani, wewe unaruhusiwa kuitumia wapi, ikiuzwa mnagawanaje, na nani wa familia anaweza kusema kipande fulani kisionyeshwe. Nakala yao wapelekee kwenye flashi kabla ya mwaka mpya. Ikifika wiki ya kwanza ya Januari wote wameshashuka Dar, na shangazi aliyetia sahihi hapatikani tena mpaka Pasaka.