Vitabu vya kompyuta, menejimenti na uchumi wa afya: mnayoambiwa na ukweli wenyewe

Kila baada ya muda linarudi swali lile lile, wakuu nipeni vitabu vizuri vya kitaalamu, mmoja anasomea kompyuta, mwingine kapandishwa cheo juzi kawa meneja, mwingine kaanza masta ya uchumi wa afya, na majibu yanakuja yale yale, orodha ndefu ya majina na hakuna anayesema kitabu kipi kinafanya kazi gani. Alafu humo humo kwenye orodha kuna imani watu wanarithishana tu bila kuzikagua. Nizipitie zile zinazonikera zaidi.

Dhana: kitabu cha kompyuta kikishakuwa cha zamani ni cha kufungia maandazi

Inategemea kinaongelea nini. Kama ni kitabu cha kukufundisha kubonyeza wapi kwenye toleo fulani la programu, kweli, baada ya miaka miwili mitatu kimekwisha, usihangaike nacho hata kama kinauzwa buku mbili chini ya mti. Ila kuna vitabu vinavyoongelea watu wanaotengeneza hizo programu, au hesabu zilizo chini yake, na hivyo havizeeki kwa kasi hiyo. Mfano ni The Mythical Man-Month cha Fred Brooks, kimetoka 1975. Huyu mzee ndo alikuwa anasimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa mashine za IBM System/360, mradi mkubwa kweli kweli, ukachelewa, na kitabu kimetokana na hayo aliyoyaona. Anachosema ni kwamba mradi wa softiwea ukishachelewa, ukiongeza watu unazidi kuuchelewesha. Kwanini? Kwasababu wageni lazima wafundishwe na hao hao waliokuwa wanafanya kazi, na pia watu wakiongezeka maongezi yanaongezeka kwa spidi kubwa kuliko watu wenyewe: watu 5 wana njia 10 za kuwasiliana wawili wawili, watu 10 wana 45, watu 20 wanafika 190. Mwenyewe alitoa mfano wa mimba, kwamba ukikusanya wanawake tisa mtoto hatoki ndani ya mwezi mmoja. Sasa niambie hicho kimepitwa na wakati wapi, wakati mpaka leo bosi akiona dedilaini imepita jambo la kwanza anasema tuajiri madevelopa wengine wanne.

Kiangalie tu kwa akili, sura zinazoongelea kubana memori ya mashine za enzi zile unaweza kuziruka, hupotezi kitu.

Dhana: kitabu kikubwa na maarufu ndo cha kuanza nacho

Hapa ndo watu wanapoumia. Mtu hata kuandika lupu hajazoea, anaambiwa nenda kasome The Art of Computer Programming cha Donald Knuth, kwasababu kila orodha inakitaja. Kitabu ni kizuri, sibishi, juzuu ya kwanza ilitoka 1968 na mzee bado anaandika, sehemu ya 4B imetoka 2022, na ni maarufu kwa kumlipa dola 2.56 anayegundua kosa ndani yake. Lakini mifano yake imeandikwa kwa lugha ya mashine ya kubuni aliyoitunga mwenyewe na hesabu zake ni nzito. Ni kitabu cha mtu anayejua tayari na anataka kujua mpaka kwenye mzizi. Na kile cha Introduction to Algorithms, kile kinene chenye kurasa kama 1,300, watu wanadhani inabidi uanze ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho kama riwaya, hapana, kinasomwa kwa sura, unataka kujua namna ya kupanga data unaenda hapo, unataka grafu unaenda hapo. Wakati huo huo kitabu cha lugha ya C cha Kernighan na Ritchie, toleo la pili la 1988, hakifiki hata kurasa 300 na kimewafundisha watu dunia nzima. Unene sio ushahidi wa chochote.

Dhana: vitabu vya biashara vinatoa siri za kampuni zilizofanikiwa, ukizifuata na wewe unafanikiwa

Aisee. Hii ndo imeuza vitabu vingi kuliko zote.

Tom Peters na Robert Waterman walitoa In Search of Excellence mwaka 1982, wakachukua kampuni 43 za Marekani zinazofanya vizuri wakaeleza zinafanana nini. Miaka miwili baadae, 1984, jarida la BusinessWeek likaandika kwamba kadhaa kati ya hizo zimeshayumba. Akaja Jim Collins na Good to Great mwaka 2001, yeye alianza na kampuni 1,435 akachuja mpaka zikabaki 11 zilizotoka kwenye ukawaida zikawa bora sana. Kati ya hizo 11 kulikuwa na Circuit City wauza vifaa vya umeme, ambao Novemba 2008 waliomba kinga ya mufilisi na mwaka uliofuata wakafunga maduka, na Fannie Mae wa mikopo ya nyumba, ambao Septemba 2008 serikali ya Marekani iliwachukua chini ya usimamizi wake. Sasa huyu mjasiriamali wa Kariakoo au Gikomba anayemeza hicho kitabu kama msahafu anajua hilo? Wengi hawajui.

Tatizo sio kwamba waandishi ni waongo. Tatizo ni njia. Ukichukua walioshinda tu ukauliza wanafanana nini, hujawauliza walioshindwa, na huenda hata wao walikuwa wanafanya hayo hayo, nidhamu walikuwa nayo, maono walikuwa nayo, stafu waliwapenda, na bado wakaanguka. Alafu kuna jambo lingine ambalo Phil Rosenzweig alilieleza vizuri kwenye The Halo Effect cha 2007: kampuni ikipata faida watu wanamsifia bosi kwamba ana ujasiri, ikianza kupata hasara bosi yule yule kwa tabia ile ile wanasema ana kiburi. Kwa hiyo ukienda kuwahoji watu kuhusu "uongozi bora" unakuta unapima faida mara ya pili bila kujua. Mimi nikiulizwa nisome kitabu gani cha menejimenti kwanza nasema anza na hiki, kwasababu kitakusaidia kusoma vingine vyote bila kudanganywa.

Baada ya hapo tafuta vinavyoongelea kazi yenyewe badala ya utukufu. High Output Management cha Andy Grove wa Intel, 1983, kinaanza na mgahawa unaotengeneza yai, mkate wa kuchoma na kahawa, na anakuonyesha hapo hapo mambo ya uzalishaji, wapi foleni inaanzia, nini kipimwe mapema. Na The Goal cha Goldratt cha 1984, ambacho kimeandikwa kama hadithi ya meneja wa kiwanda, wasomi wengine wanakidharau kwa hilo. Kinasema mfumo mzima unakwenda kwa spidi ya sehemu moja inayobana, ukiboresha sehemu nyingine yoyote unapoteza hela. Ukikaa kwenye benchi la hospitali yoyote kubwa utakiona hicho kitabu kwa macho: madaktari wapo, dawa zipo, ila wote wanasubiri majibu ya maabara, na uongozi unaongeza viti vya kusubiria.

Na ile kauli kwamba usichoweza kukipima huwezi kukisimamia, inayobandikwa kila siku jina la Peter Drucker, yule mwandishi maarufu wa menejimenti, haikutoka kwake, hata taasisi inayobeba jina lake imeshalisema hilo. Edwards Deming, mtaalamu wa ubora wa uzalishaji, naye wanambandika, wakati yeye aliandika kinyume kabisa, kwamba kudhani hivyo ni imani potofu na ya gharama.

Dhana: uchumi wa afya ni somo la kubana matumizi

Wengi wanadhani mchumi wa afya ni yule jamaa anayekuja hospitali na Excel kupunguza bajeti ya glavu. Somo lenyewe wengi wanalianzishia kwenye makala ya Kenneth Arrow ya 1963, kurasa thelathini na kitu tu, na swali lake ni kwanini matibabu hayauziki kama nyanya. Jibu lake kwa kifupi, mgonjwa hajui ataumwa lini na hajui anachonunua, na anayemwambia anunue nini ndo huyo huyo anayemuuzia. Ukilielewa hilo ndo unaelewa kwanini mijadala ya bima ya afya kwa wote hapa Tanzania, au ile ya Kenya walipotoka mfuko wa zamani wa bima ya afya (NHIF) kwenda mamlaka mpya (SHA) mwaka 2024, haiwezi kuisha kwa kusema tu kila mtu alipe chake.

Na kitabu kilichonifurahisha zaidi kwenye eneo hili kinahusu kwetu, ila cha ajabu kwenye orodha za watu wa kwetu hakimo. Kinaitwa Fixing Health Systems, kimetolewa na IDRC, shirika la Canada la utafiti wa maendeleo, kinaelezea TEHIP, mradi wa huduma muhimu za afya hapa Tanzania uliofanyika wilaya za Rufiji na Morogoro kuanzia miaka ya 1990. Chanzo chake ni ripoti ya Benki ya Dunia ya 1993 iliyodai kwamba kwa dola kama 12 kwa mtu kwa mwaka nchi maskini inaweza kununua kifurushi cha huduma za afya zenye manufaa makubwa. TEHIP wakataka kuona kama kupanga bajeti kwa kufuata ushahidi kunawezekana wilayani. Wakapita nyumba kwa nyumba kujua watu wanaumwa nini na wanakufa na nini, wakalinganisha na bajeti. Morogoro malaria ilikuwa inabeba asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea ila mwaka 1996 ilipata asilimia 5 ya hela! Timu za wilaya zikapewa vitendea kazi vya kupangia na nyongeza ya fedha, ambayo waliyoweza kuitumia haikufika dola 1 kwa mtu kwa mwaka. Ndani ya miaka mitano vifo vya watoto vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40. Sio kila kitu ni kazi ya mradi, mambo mengine yalikuwa yanabadilika pia, ila niambie hapo kubana matumizi kuko wapi. Ni kuhamisha hela iende kwenye tatizo.

Pacha wa dhana hiyo ni ile kwamba cha bure hakithaminiwi, kwa hiyo watu wachangie hata kidogo ndo watatumia. Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliipima magharibi mwa Kenya kwenye kliniki za wajawazito, chandarua bure kwa wengine, bei kidogo kwa wengine, wakachapisha 2010. Bei ikipanda kutoka sifuri mpaka senti 60 za dola, waliochukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia, na waliopewa bure hawakuwa wavivu wa kukitumia kuliko walionunua. Ukitaka hadithi za namna hii kwa lugha nyepesi soma Poor Economics cha Banerjee na Duflo, 2011.

Kuna na hii ya wanafunzi wa masta: eti WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema tiba ikigharimu chini ya mara tatu ya pato la wastani la mtu kwa mwaka, kwa kila mwaka wa maisha yenye afya inaouokoa, basi inafaa. Kipimo hicho kilienea kweli, ila 2016 wataalamu wa WHO wenyewe waliandika kwamba kisitumike peke yake kuamua. Kitabu cha Drummond na wenzake kuhusu tathmini za kiuchumi za huduma za afya, cha 1987, sasa kiko toleo la nne la 2015, kina maswali 10 ya kuikagua tathmini yoyote, na mojawapo la msingi ni gharama za nani zimehesabiwa. Nauli ya bodaboda na siku ya kibarua iliyopotea kwa hospitali ni sifuri, kwa mgonjwa ndo gharama yenyewe.

Dhana ya mwisho: vya bure ni vibovu, au ni vya wizi

Hicho cha TEHIP kiko bure kwa waliokichapisha. Juzuu 9 za Disease Control Priorities toleo la tatu, zinazoeleza huduma zipi za afya zitangulizwe, ni bure pia, na vile vile Pro Git, cha kutunza matoleo ya kodi ya programu, na kitabu cha Google cha uendeshaji wa mifumo cha 2016 vinasomeka bure kwa ruhusa ya wenyewe. Kwa majarida, kama upo chuo au hospitali ya nchi yenye kipato cha chini, muulize mkutubi kuhusu Hinari ya WHO, mpango wa kusoma majarida ya afya bure au kwa bei ndogo, ipo tangu 2002 na kwenye vyuo vingi nywila anayo yeye, sema hakuna anayemuuliza.

Kwa vile vya kununua, toleo la nyuma la Drummond au la Introduction to Algorithms linakuwa la bei nafuu zaidi na kwa anayeanza halina shida, ila mwalimu akitoa maswali ya mazoezi hakikisha namba zinalingana kabla hujakesha unafanya swali ambalo sio.