The Good, the Bad and the Ugly: yanayosemwa na yaliyomo kweli

Ukianza tu stori za muvi za makauboi lazima mtu aitaje hii, na ikishatajwa yanaanza maneno yale yale ambayo mengi sio kweli. Mimi hii muvi naipenda sana, ndo maana inaniuma ikisifiwa kwa vitu ambavyo haina, afu madhaifu yake halisi hakuna anayeyagusa. Angalizo mapema, mwisho wake nautaja humu, kama hujaiona kaiangalie kwanza.

Dhana: ni muvi ya Hollywood, wameshuti huko Texas.

Ukweli ni kwamba ni muvi ya Waitaliano. Sergio Leone aliyeiongoza ni mtu wa Roma, ilitoka Italia 1966, na lile jangwa ni la Hispania, upande wa Almería kule kusini, wakati lile daraja linalolipuliwa na makaburi ya pambano la mwisho viko kaskazini mkoa wa Burgos. Na yale makaburi ya Sad Hill hajazikwa mtu pale, wanajeshi wa Hispania ndo waliyatengeneza, maelfu ya misalaba kwenye uwanda mtupu, yakaachwa yakamezwa na nyasi miaka na miaka mpaka mashabiki wakaenda na majembe kuyafukua kuanzia 2015. Daraja nalo walijenga wanajeshi hao hao, na siku ya kulilipua kapteni wao akapewa heshima ya kufanya hiyo kazi, likaruka kabla kamera hazijawashwa! Ikabidi wajenge lingine.

Dhana: midomo haiendani na sauti kwa sababu uliangalia kopi mbovu.

Hapana, hata original iko hivyo. Pale lokesheni waigizaji walikuwa wanaongea kila mtu na lugha yake, Clint Eastwood na wenzake Kiingereza, wengine Kiitaliano au Kihispania, sauti zote zikaingizwa baadaye studio. Ndo ilikuwa staili ya Waitaliano enzi hizo na kiukweli ni udhaifu, kuna sehemu inakutoa kabisa kwenye stori. Ile ndefu iliyorekebishwa 2003 ndo zaidi, Eastwood na Eli Wallach waliitwa uzeeni kuingiza sauti kwenye vipande vilivyorudishwa, na kwa kuwa Lee Van Cleef, aliyeigiza Angel Eyes yule mbaya, alishafariki 1989 ikabidi mtu mwingine amsemee, unasikia kabisa kuwa mtu kabadilika.

Dhana: stering ni Eastwood, na yeye ndo mtu mwema.

Hapa ndo watu wanakosea zaidi. Kwenye jina la muvi yeye ndo "the Good", yaani mwema, lakini tunavyokutana nae tu yuko kwenye dili la kitapeli: anamkamata Tuco, jambazi anayetafutwa, anampeleka kwa sherifu, anachukua zawadi ya dola 2,000, afu Tuco akishavishwa kitanzi yeye kwa mbali anaikata kamba kwa risasi, wanakimbia wanaenda kugawana. Akija kumchoka anamtelekeza jangwani atembee kwa miguu. Huyo ndo mwema wetu.

Mwenye hii muvi ni Tuco, na Wallach aliyemwigiza alistahili sifa kuliko alizopata. Angalia pale monasteri anapomkuta kaka yake padri, anaambiwa baba kafa siku chache tu zilizopita na mama alishatangulia zamani, wanagombana, na Tuco anamwambia kwamba kule walikozaliwa mtu asiyetaka kufa maskini alikuwa na njia mbili, upadri au ujambazi, wewe ulichagua yako nami yangu, na yangu ilikuwa ngumu zaidi. Akitoka nje anamdanganya Blondie, ndo huyo Eastwood, kwamba kaka yake anampenda sana, hata chakula kampa, na Blondie aliyesikia kila kitu anampa sigara yake bila kumuumbua. Kwangu hiyo dakika ina thamani kuliko kila bunduki iliyolia mle ndani, na ndo sehemu pekee ambapo neno mwema linamkaa Eastwood vizuri.

Hata lile pambano la mwisho la watu watatu, Blondie, Tuco na Angel Eyes, wanaloliita la kiume, Blondie alishatoa risasi kwenye bastola ya Tuco usiku wake. Alikuwa anajua kabisa adui yake ni mmoja tu.

Dhana: ni risasi mwanzo mwisho.

Kama dakika kumi za mwanzo hakuna hata neno moja linaloongewa. Pambano la mwisho lenyewe ni macho, mikono, jasho, na muziki wa Ennio Morricone unaokubana kifua, risasi ni chache mno. Ule mluzi wake kila mtu anaujua ila wengi hawajagundua kwamba kipande kile kile cha muziki wanapigiwa wote watatu, Blondie kwa filimbi, Angel Eyes kwa okarina, Tuco kwa sauti za watu. Ukishajua hilo unamsikia mtu kabla hujamuona.

Dhana: ni ya tatu kwa hiyo ni mwendelezo wa zile mbili za Leone na Eastwood, A Fistful of Dollars na For a Few Dollars More.

Imetoka ya tatu, ila matukio yake yanatangulia. Ni vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, 1862, na ile poncho, lile joho ambalo Eastwood anavaa kwenye zile mbili, anaipata karibu na mwisho.

Dhana: haina kasoro.

Inazo. Wanawake karibu hawapo, na yule anayeonekana vizuri yupo ili apigwe na Angel Eyes. Karibu masaa matatu ni marefu, katikati kuna sehemu inaburuza. Baruti wanazotumia zinafanana na dainamaiti, wakati Alfred Nobel aliyeibuni aliisajili 1867. Hizo zote navumilia. Nisichoweza kuvumilia ni hiki: Leone kaionesha vizuri sana vita inavyomaliza watu bure, yule kapteni mlevi pale darajani anaona vijana wake wanakufa kila siku kwa ajili ya mbao na mawe, lakini utumwa, uliokuwa mzizi wa vita ile, haujapewa nafasi. Muda alikuwa nao wa kutosha.