Supagluu ikikurukia jichoni
Hapa Kigoma kuna vijana wanaounda meli za mfano, na mimi ni shabiki wao. Nimeiona Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, imeundwa kwa mbao laini, bomba la moshi na ngazi zake zote, na muundaji anakusimulia jinsi meli yenyewe ilivyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikazamishwa 1916, ikaopolewa 1924. Kazi ile inataka subira. Mimi kama tabibu wa macho naomba subira hiyohiyo mdomo wa chupa ya gundi unapoziba.

Hapo ndipo penye hatari. Mtu anaisogeza chupa usoni achungulie, huku anaiminya kwa nguvu. Kile kiganda cha gundi iliyokauka mdomoni kinafyatuka, tone linaruka. Elekeza mdomo chini, mbali na uso, uutoboe kwa pini. Na uvae miwani ya mafundi wa grinda, ile nyeupe inayoziba pembeni; ya kusomea haitoshi.

Supagluu, yaani sainoakrileti, haikauki kama rangi. Unyevu ndio unaoigandisha, na jicho limejaa machozi, kwa hiyo inaganda papo hapo. Lakini machozi hayohayo huizuia isishike sana kwenye konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Zinazonatana ni kope na nywele zake.

Ikiingia, mwagia maji safi ya uvuguvugu kama dakika 15. Usizivute kope! Usitie thina, petroli, asetoni wala maziwa ya mama. Usipanguse kwa pamba pia: gundi nyingi ikikutana na pamba hupata joto la kuunguza. Funika kwa kitambaa safi kilicholowa, uje hospitali siku hiyohiyo hata kama maumivu ni madogo, kwa sababu punje ngumu iliyobaki chini ya kope hukwaruza konea kila unapopepesa. Kope zenyewe kwa kawaida huachana ndani ya siku 1 hadi 4.

Gundi ya kuchanganya mirija miwili naiogopa zaidi. Kigumishi chake huunguza na kuzidi kupenya ndani, basi osha palepale, nusu saa nzima, ndipo utafute usafiri.

Jambo jingine: chupa ndogo ya gundi hufanana mno na ya dawa ya macho. Ifungie kwenye sanduku la vifaa, isikae dirishani na dawa za bibi.